Rangi ya mabaka kwenye darubini ya bunduki: inapobanduka, inaponata, inapong'aa

Darubini nyingi zinazopakwa rangi ya mabaka hapa Dodoma huharibika kwa njia zilezile. Mwenye nayo anapuliza rangi siku ya Jumamosi, anaiona imependeza, anaenda nayo kwenye mapori ya akiba ya Swagaswaga au Rungwa, na akirudi nusu ya rangi imebaki kwenye begi. Mwingine rangi haikubanduka, lakini nobu ya kurekebishia haizunguki tena. Wa tatu kila kitu kiko sawa kwa macho, ila risasi haziendi anapolenga.

Nimeyapanga malalamiko hayo kwa dalili. Tafuta dalili yako, anza na sababu ya kwanza kwa kuwa ndiyo inayotokea mara nyingi, na usikimbilie kubandua rangi yote kabla hujamaliza ukaguzi mwepesi. Mengi ya haya yanawahusu pia wapiga picha na watazamaji ndege wanaopaka darubini za mkononi.

Kabla ya kugusa kopo la rangi

Toa risasi, hakikisha chemba ni tupu, kisha fungua darubini uitoe kwenye bunduki. Bunduki irudi kwenye kabati lake la chuma. Fundi wa rangi anahitaji darubini tu. Silaha haina kazi yoyote karakanani kwake. Namba ya silaha ndiyo inayoiunganisha na leseni yako, kwa hiyo hata ukiamua siku moja kupaka na kitako, namba isifunikwe wala kukwaruzwa. Darubini nayo ina namba yake ya kiwanda, iache wazi. Na ujue kwamba viwanda vingi havitambui waranti ya darubini iliyopakwa rangi na mwenyewe.

Jambo jingine ni mchoro wenyewe. Usinakili mabaka ya jeshi. Agosti 2023 JWTZ liliwapa wananchi siku 7 kusalimisha sare za jeshi na mavazi yanayofanana nazo. Tangazo lile lilihusu mavazi, lakini mtu mwenye silaha ya kiraia hana sababu ya kujitafutia maswali kwenye kizuizi cha barabarani kwa sababu ya mchoro. Tena nyasi na udongo wetu vina rangi zinazoficha vizuri kuliko mabaka yaliyobuniwa kwa ajili ya misitu ya nchi za mbali.

Dalili: rangi inabanduka

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na karibu kila mara kosa liko chini ya rangi.

Tazama kwanza inabanduka wapi. Ikitoka karibu na nobu na kwenye pete ya kukuzia, yaani pale mikono inaposhika kila siku, kulikuwa na mafuta. Ikitoka kama ngozi, vipande vikubwa kwa mara moja, na chini yake bomba la darubini ni jeusi, safi na laini, basi haikukwaruzwa. Ikianzia kwenye mistari ya mipaka na kuingia ndani, tepu ilitolewa ikiwa imechelewa.

*Mafuta.* Darubini iliyokaa juu ya bunduki imerushiwa mafuta ya bunduki miaka yote. Imeshikwa na mikono yenye jasho, imefutwa kwa kitambaa chenye silikoni. Petroli na mafuta ya taa havifai kuisafishia kwa sababu vyenyewe vinaacha utando. Tumia sabuni ya vyombo na maji kidogo kwenye kitambaa, bila kuitumbukiza, kisha malizia na spiriti ya isopropili. Kama unatumia spiriti ya duka la dawa, ijaribu kwanza: dondosha tone juu ya kioo safi, liache likauke. Likiacha alama, spiriti hiyo ina mafuta ndani yake, tafuta nyingine. Ukimaliza kusafisha, nyunyiza maji kidogo kwenye bomba. Maji yakitanda, pamesafika. Yakijikusanya matone matone, bado kuna mafuta, rudia. Kuanzia hapo usiliguse bomba kwa mkono mtupu, vaa glavu.

*Uso mlaini.* Bomba la darubini ni la alumini, kipenyo chake mara nyingi ni milimita 25.4 au 30, na kiwandani huoteshewa kwa umeme ngozi ngumu ya oksidi. Ngozi hiyo ndiyo weusi unaouona. Ni ngumu na mara nyingine inateleza, rangi haipati pa kung'ang'ania. Msasa namba 400 hadi 600, kwa mkono mwepesi, mpaka mng'ao upotee. Usisugue mpaka alumini nyeupe ionekane, maana unaondoa kinga ambayo rangi ya kopo haiwezi kuirudisha. Ukitaka kutumia praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikia, chagua inayosema inafaa kwa alumini.

*Tepu.* Itoe rangi ikiwa imeshika lakini haijawa ngumu, ukiivuta kwa kuikunja nyuma taratibu. Ukisubiri mpaka kesho yake, tepu na rangi vimekuwa kitu kimoja, na ukivuta vinaondoka pamoja.

*Tabaka nene.* Mikono mitatu myepesi, yaani kupuliza mara tatu kidogo kidogo, inadumu kuliko mmoja mzito. Rangi nene inakauka juu, chini inabaki laini, na kipigo cha kwanza cha tawi kinaitoa.

Marekebisho: kama sehemu iliyobanduka ni ndogo, lainisha kingo zake kwa msasa 600, safisha, puliza hapo tu. Mchoro wa mabaka una fadhila hii, kiraka hakionekani. Kama inatoka vipande vikubwa, toa yote. Bandua kwa kipande cha plastiki au mti, kisha brashi ya nailoni na isopropili. Usitumie dawa ya kubandulia rangi, ile inayotumika kwenye mageti na magari. Inakula mipira ya ndani inayozuia maji, na hasara yake ni kubwa kuliko bei ya rangi mara nyingi.

Dalili: uso umekuwa kama msasa, una chembechembe

Hili ni tatizo la hewa ya Dodoma. Jua likiwa kali na upepo ukivuma, matone ya rangi yanakauka hewani kabla hayajafika kwenye bomba, yanatua yakiwa unga. Sababu inayofuata ni umbali: kopo likishikwa mbali sana, matokeo ni yaleyale. Sentimita 20 hadi 30 zinatosha. Ya tatu ni vumbi lenyewe, na hapa sote tunajua kiangazi kilivyo ukiwa pembeni ya barabara isiyo na lami.

Jinsi ya kutofautisha: pitisha kucha. Chembe za rangi kavu zinasagika na kutoka unga wa rangi ileile. Vumbi haliondoki, na ukichungulia utaona ni jekundu au kahawia.

Puliza asubuhi, kati ya saa 1 na saa 3, kabla upepo haujaamka. Mwaga maji sakafuni kwanza ili vumbi litulie. Darubini isiwe imetoka juani wala kwenye dashibodi ya gari; ukiigusa na kuhisi moto, subiri ipoe. Uso ulioharibika haulazimu kubanduliwa: piga msasa 600, futa, puliza tena mkono mwepesi. Kwa kweli ukwaruzaji kidogo kwenye darubini ya mabaka si kasoro, unasaidia kuua mng'ao. Urekebishe pale tu uso unapotoa unga.

Masika yana kasoro yake tofauti. Hewa ikiwa na unyevunyevu baada ya mvua, baadhi ya rangi zinazokauka haraka hupata ukungu mweupe juu yake. Huo mara nyingi unaondoka kwa kupuliza mkono mmoja mwembamba siku kavu.

Dalili: rangi haikauki, inanata

Kwanza, imepigwa nene. Pili, ni rangi ya mafuta, ile ya inameli, ambayo tabia yake ni kukauka polepole, hasa usiku wa baridi wa Juni na Julai. Kwa hizi mbili dawa ni moja: iache. Itundike chumbani penye hewa kwa wiki nzima. Usiiweke kwenye jiko wala tanuri. Zipo rangi za keramiki zinazokaushwa kwenye tanuri kwa takriban nyuzi joto 120 kwa saa 2, na watu wakisikia hivyo wanaingiza darubini nzima. Gundi zinazoshika lenzi, mipira na grisi ya ndani havikutengenezwa kwa joto hilo. Rangi ya tanuri ni ya mtutu, haiendi kwenye darubini.

Sababu ya tatu haitajwi na wengi. Rangi ilikuwa kavu kabisa, ukaenda nayo porini, ikaanza kunata huko. Uliza mikono yako ilipaka nini. Dawa nyingi za kufukuza wadudu zina kemikali iitwayo DEET, na DEET inalainisha rangi, plastiki na mpira. Mtu anayeingia kwenye mbung'o wa Rungwa au Kizigo anajipaka dawa mpaka viganjani, kisha anashika darubini. Pakaa kwa nyuma ya mkono, au nawa viganja kabla ya kushika vyombo. Mafuta ya kusafishia mtutu nayo yanayeyusha rangi nyingi za kopo, kwa hiyo ukisafisha bunduki funika darubini kwa kitambaa.

Rangi iliyolainishwa na DEET haiponi. Futa sehemu hiyo, safisha, paka upya.

Kama ulitumia tepu ya mabaka badala ya rangi na kinachonata ni gundi yake, pasha kidogo kwa draya ya nywele, vua tepu, sugua gundi kwa mafuta ya alizeti kidogo kwenye kitambaa, halafu ondoa mafuta kwa sabuni na isopropili. Tepu isikae miezi. Inashika vumbi na maji chini yake, na pale chini huwezi kuona kinachoendelea.

Dalili: rangi imejikunja, ina mikunjo

Umeweka rangi ya aina moja juu ya aina nyingine isiyopatana nayo, au umerudia mkono katika muda uliokatazwa. Makopo mengi ya inameli yanasema: rudia ndani ya saa moja, au subiri siku nzima na zaidi. Katikati ya hapo, mkono mpya unavimbisha wa zamani. Soma kopo. Mikunjo haifichiki; iache ikauke kabisa, piga msasa mpaka ilale, na safari hii tumia makopo ya aina moja toka mwanzo hadi mwisho.

Dalili: inang'aa ingawa kopo limeandikwa haing'ai

Tikisa kopo. Unga unaoua mng'ao unazama chini, na usipotikiswa dakika 2 kamili baada ya kusikia gololi ikigonga, unapuliza rangi isiyo na huo unga. Hii peke yake inaeleza sehemu kubwa ya malalamiko. Baada ya hapo angalia kama ulipiga mkono wenye maji mengi, kisha kama sehemu inayong'aa ni ile inayoshikwashikwa, maana viganja hung'arisha rangi. Zote zinatibika kwa mkono mmoja mwembamba wa rangi iliyotikiswa vizuri.

Halafu fanya jaribio hili. Weka darubini juani saa 11 jioni, rudi nyuma hatua 50, jua likiwa mgongoni kwako. Mng'ao unaouona mara nyingi unatoka kwenye kioo cha mbele, na hakuna rangi itakayousaidia. Kinachosaidia ni bomba la kivuli linalofungwa mbele ya lenzi, au wavu wa matundu uliotengenezwa kwa darubini hiyo. Usipulize chochote kwenye kioo, hata kinachouzwa kwa jina la kuua mng'ao.

Dalili: imepakwa vizuri, lakini porini bado inaonekana

Hapa hakuna kilichoharibika, ila rangi haikufanya kazi yake. Inaniuma kuona mtu amegharamika kwa makopo manne akatoka na darubini ya kijani kibichi, akaenda nayo Manyoni mwezi wa Agosti.

Sababu ya kwanza ni rangi zisizo za hapa. Kanda ya kati kiangazi ina rangi ya nyasi kavu, kijivu cha vichaka vilivyopukutisha majani, na udongo mwekundu. Magome ya mbuyu ni kijivu chenye wekundu kwa mbali. Kijani kinaingia baada ya mvua za Desemba na kuanza kuondoka Mei. Kwa hiyo msingi uwe rangi ya nyasi kavu au mchanga, juu yake kijivu, kisha kahawia kidogo. Kijani, kama unakitaka, kiwe kilichofifia na kiwe kidogo.

Sababu ya pili ni mabaka madogo sana. Ukiyashika mkononi yanapendeza, ukisogea mbali yanachanganyika kuwa rangi moja, na bomba linarudi kuwa mstari mnyoofu, kitu ambacho vichakani hakipo. Bomba ni jembamba, kwa hiyo mabaka machache makubwa yanayokatiza ukingo hadi ukingo yanavunja umbo vizuri zaidi. Usiyapange kwa urefu wa bomba, yakate kwa mshazari. Nyasi ndefu zilizokauka, zikilazwa juu ya bomba na kupulizwa juu yake, zinaacha mistari mizuri. Wavu wa mfuko wa machungwa nao unafaa, ila usijaze kila mahali.

Sababu ya tatu ni kufikiria rangi na kusahau mwanga na giza. Swala, tandala na jamii yao hawaoni nyekundu na kijani kwa tofauti tunayoiona sisi. Kwao darubini iliyopakwa rangi tatu zenye giza sawa ni doa moja jeusi. Piga picha ya darubini yako kwa simu, ibadilishe kuwa nyeusi na nyeupe. Mabaka yakipotea pichani, ongeza rangi nyepesi. Ndege wanaona rangi vizuri kuliko sisi, kwa hiyo mpiga picha wa ndege hana msamaha huu, achague rangi kwa uangalifu zaidi.

Dalili: nobu au pete ya kukuzia imekuwa nzito

Rangi imeingia kwenye upenyo. Usilete koleo. Jaribu kwanza kuzungusha kwa vidole, mbele na nyuma, kidogo kidogo; utando mwembamba wa rangi mara nyingi unakatika wenyewe. Haikuzunguka, chukua kijiti cha meno, kichovye kwenye isopropili mpaka kilowe tu bila kudondosha, uzungushe kwenye upenyo kufuta rangi. Kisu na sindano vinakwaruza, na vikiteleza vinachana mpira wa ndani.

Kama alama za hesabu kwenye nobu zimefunikwa, pamba yenye isopropili kidogo inazifichua rangi ikiwa bado changa. Nobu, pete, kifuniko cha betri na nyuzi za vifuniko vyote vilitakiwa vifunikwe kwa tepu ya karatasi, ile ya mafundi wa rangi za magari, kabla ya kuanza.

Simama hapa: nobu ikizunguka bila kugonga zile tiki zake, au ikizunguka na msalaba wa ndani, ule unaolengea, hausogei, acha. Usiifungue. Darubini imejazwa gesi kavu, naitrojeni au agoni, na ukiifungua gesi inatoka na vumbi la Dodoma linaingia. Inahitaji fundi wa darubini mwenye vifaa, au irudishwe kwa mwakilishi wa kiwanda.

Dalili: rangi imeruka kwenye kioo

Thina na asetoni marufuku, wembe marufuku. Juu ya kioo kuna tabaka nyembamba sana zinazopunguza mwakisiko, zikikwaruzwa hazirudi. Puliza vumbi kwanza kwa kipulizio cha mkono. Kisha kitambaa cha lenzi na isopropili, ukigusa na kuinua, bila kusugua. Tone moja dogo likigoma, liache. Kwenye lenzi ya mbele halionekani ukilenga, na kulipigania kunaleta hasara kubwa kuliko lenyewe. Kama kioo kizima kimefifia, mpelekee fundi wa lenzi.

Dalili: ukungu ndani ya kioo

Futa kioo kwa nje, pande zote mbili. Ukungu ukibaki, uko ndani. Maana yake mpira wa kuzuia maji umepitisha, pengine kwa sababu ya thina, pengine kwa uzee. Juani unaweza kupotea, na asubuhi ya baridi utarudi. Hakuna matengenezo ya nyumbani. Usiifungue, usiiweke kwenye mchele, usiipashe moto.

Dalili: baada ya kupaka, risasi haziendi palepale

Darubini yoyote iliyotolewa na kurudishwa lazima ilenganishwe upya, yaani irekebishwe mpaka risasi zipige pale unapolenga. Hilo si kosa, ni kawaida yake. Tatizo ni pale unapolenganisha, na baada ya risasi chache inahama tena.

Angalia kwanza kama rangi imepakwa pale zinapobana pete zinazoshikilia darubini kwenye bunduki. Hapo panatakiwa pabaki alumini na ngozi yake ya kiwandani. Rangi iliyo chini ya pete inaminywa na kusogea kadiri bunduki inavyorudi nyuma, na bomba linateleza. Dalili yake ni mchirizi mdogo wa mng'ao mbele au nyuma ya pete. Toa darubini, ondoa rangi pale tu, safisha mafuta, rudisha. Kisha angalia skrubu. Pete nyingi zinataka takriban nyutoni mita 2, lakini fuata karatasi ya mtengenezaji wa pete zako, tumia bisibisi yenye kipimo, na kaza kwa kupokezana pande mbili. Anayekaza kwa nguvu ya mkono ili isiteleze anaweza kuminya bomba, na bomba lililominywa linabana msalaba wa ndani. Uliacha nafasi tofauti kati ya pete pande mbili? Fungua, anza tena.

Simama hapa: skrubu ikizunguka bila kukaza, bomba likiwa na bonde pale pete zilipokaa, au kishikio cha darubini kikicheza juu ya bunduki, usiipige tena. Peleka kwa fundi wa silaha mwenye leseni. Ulenganishaji wenyewe ufanyie kwenye uwanja wa shabaha ulioruhusiwa. Kabla hujathibitisha kwamba risasi zinarudi palepale, usiende nayo kwenye kitalu cha uwindaji, maana darubini inayohama inajeruhi mnyama badala ya kumwangusha, na mnyama aliyejeruhiwa ni mateso kwake na hatari kwa anayemfuata.